Mtoto Msahaulifu Si Lazima Awe Mvivu

Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Mwanangu wa pili alipokuwa darasa la 5, hesabu alizijua kuliko kaka yake. Lakini haikupita wiki bila kupoteza kalamu, kusahau daftari au kurudi nyumbani bila sweta. Siku moja alimaliza kazi yote ya nyumbani usiku, akaiacha mezani, akaenda shuleni mikono mitupu. Huko alichapwa, na jioni nikamwongezea mimi. Nikamwita mvivu, asiyejali. Akanijibu kwa sauti ndogo: "Baba, nilitaka kuipeleka."

Jibu hilo nililichukulia kuwa ni ujeuri. Kumbe lilikuwa kweli tupu.

Wataalamu wa ubongo wanatueleza kwamba kulijua jambo ni kitu kimoja, na kuweza kulipanga, kulianza na kulimaliza kwa wakati wake ni kitu kingine. Mtoto anaweza kuwa na cha kwanza akapungukiwa na cha pili.

Tuchukue mfano wa daladala. Injini ni nzima, tairi ni mpya, dereva ni hodari, lakini konda hayupo. Nani atakumbuka kuwa mama wa dirishani anadai chenji? Nani atamzuia dereva asiondoke kabla mzee hajakanyaga chini? Na mvua ikifunga njia pale Jangwani, nani atawatangazia abiria kuwa gari linazunguka? Safari hiyo itakuwa ya kelele na hasara.

Ubongo nao una konda wake. Kazi zake kubwa ni tatu: kushika jambo kichwani huku ukifanya jingine, kujizuia, na kubadili mwendo hali inapobadilika. Kazi hizo hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo huchelewa kukomaa. Huendelea kujijenga hata mtu akishapita miaka 20. Kwa hiyo kila mtoto ana konda mchanga, ila wapo ambao konda wao yuko nyuma zaidi kuliko wa wenzao.

Baadhi huzaliwa hivyo, na si ajabu ukikuta baba au mama naye alikuwa hivyo hivyo. Wengine huumia kichwa. Na sisi wa Afrika Mashariki tusiisahau malaria. Watafiti waliowafuatilia watoto waliotibiwa malaria ya ubongo katika Hospitali ya Mulago, Kampala, walieleza mwaka 2008 kuwa baada ya miaka 2, takriban mtoto 1 kati ya 4 alikuwa bado na upungufu wa akili katika kujifunza, hasa katika kutuliza mawazo kwenye jambo moja. Mtoto amepona homa, amerudi darasani, na hakuna anayekumbuka kuuliza kichwa kinaendeleaje.

Je, kiboko kinasaidia? La hasha. Kiboko humfundisha mtoto kuogopa. Hakimwonyeshi mahali pa kuweka daftari. Tena hofu yenyewe hujaa kichwani, ikachukua nafasi ile ile ndogo aliyoihitaji kukumbukia.

Yanayosaidia hayana gharama kubwa. Nyumbani, mkoba upangwe usiku na ukae mlangoni, mahali pale pale kila siku. Orodha fupi ibandikwe ukutani: sare, daftari, kalamu, nauli. Badala ya kumtuma mambo manne kwa pumzi moja, mpe moja, akimaliza mpe la pili. Kazi ndefu igawanywe vipande, na mzazi akae naye dakika 5 za mwanzo, maana kuanza ndiko kugumu.

Mwalimu atasema, "Nina darasa limefurika, nitamshughulikia nani?" Ana haki. Lakini anaweza kuandika kazi ya nyumbani kwenye pembe moja ya ubao kila siku, na kumketisha mtoto huyo mbele, karibu na mwenzake mpangilifu. Hayo hayamdhuru mwanafunzi yeyote, huwafaa wote.

Aidha, tusikimbilie kumpa kila mtoto jina la ugonjwa. Asiyelala vya kutosha, mwenye njaa, au asiyeona ubao vizuri naye husahau. Hayo yachunguzwe kwanza. Na mtoto aliyekuwa mpangilifu akibadilika ghafla, apelekwe kwa daktari.

Wapo watakaosema huku ni kudekeza. Mbona mtoto asiyeona vizuri tunamnunulia miwani, na hatusemi tumemdekeza? Kazi ya shule bado ataifanya mwenyewe. Na orodha ya ukutani, tofauti na miwani, huondolewa kidogo kidogo kadiri konda wake anavyokua.

Mwanangu sasa ni kijana anayejifunza ufundi umeme. Majuzi nilifungua sanduku lake la vifaa, nikakuta ndani ya kifuniko karatasi yenye orodha: bisibisi, koleo, testa, waya. Nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema, "Nilijifunza mwenyewe, baba." Hakusema kwa kunilaumu, lakini nilijua ni kazi ambayo ningeifanya mimi, badala ya ile niliyoifanya. Nikamwomba radhi.

Nyinyi ambao wa kwenu bado yuko darasa la 5, hamjachelewa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.