Yatima wa Manyema na ndugu zake wa Ugalla

Mapema mwaka 1871, mmisionari na mpelelezi David Livingstone akiwa Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, mfanyabiashara mmoja wa misafara alimpa zawadi: mtoto wa kike wa sokwe, ambaye mama yake alikuwa ameuawa. Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba kitoto kile kilikaa kimya kando yake mkekani. Kilinyoosha mkono kibebwe, na kikikataliwa kilikunja uso kwa kilio na kusokota viganja, kama afanyavyo mtoto wa mtu.

Mwaka uliofuata mzee huyo alikaa miezi kadhaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho. Wageni wanaofika pale husimuliwa habari za mwandishi Henry Morton Stanley, pembe za ndovu na watumwa. Ningependa wasimuliwe na ya yatima yule pia, kwani njia ya misafara kati ya Tabora na Ziwa Tanganyika ilipita jirani kabisa na nchi ya sokwe.

Nchi hiyo ni Ugalla, kati ya Tabora na Ziwa Tanganyika. Ni miombo mikavu, yenye nyasi ndefu na miti iliyoachana, si msitu mnene tuliozoea kuwafikiria sokwe ndani yake. Mwaka 2007 watafiti walichapisha ushahidi kwamba sokwe wa huko huchimbua mizizi kwa vijiti, hata masika, chakula kingine kinapokuwapo. Kisha, mwaka 2022, ukaja utafiti wa Bonde la Issa, magharibi mwa Ugalla. Sokwe wazima 13 walifuatiliwa kwa miezi 15. Wengi walidhani mnyama wa nchi ya wazi angetembea wima akiwa chini. Kumbe zaidi ya asilimia 85 ya kusimama kwao kwa miguu miwili kulikuwa juu ya miti, wakikanyaga tawi hili na kushika lile. Huenda hata babu zetu walianza kusimama huko huko juu.

Mwili na akili zao, basi, vina kazi yake pale walipo. Mfano upo: kati ya 1966 na 1969, sokwe 17 waliokuwa wakifugwa Ulaya waliachiliwa kisiwani Rubondo, Ziwa Victoria, bila mafunzo yoyote. Walijifunza wenyewe kutafuta matunda na kujenga viota, wakazaa, na uzao wao ukamwogopa binadamu. Walirudi kuwa sokwe kwa sababu walipewa msitu.

Lakini huko Ugalla miti inapungua. Katika wilaya za Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, mabani ya kukaushia tumbaku hula magogo kila msimu, na simlaumu mkulima anayesomesha watoto kwa zao hilo. Wanunuzi wa tumbaku ndio wenye uwezo wa kugharimia mabani yanayotumia kuni chache na miti ya kupandwa. Wafanye hivyo sasa. Maana sokwe jike huzaa mtoto mmoja tu kila baada ya miaka mitano au sita, tena humbeba na kumfundisha miaka hiyo yote.