Video za Vichezeo: Itazame Wewe Kwanza



Mwezi huu tunazungumza nanyi juu ya jambo lililoingia nyumbani mwetu bila kupiga hodi. Ni zile video za vichezeo ambazo watoto wadogo huzitazama kwenye simu. Mikono hufungua boksi la rangi kali, ndani hutoka gari, mdoli au yai la plastiki, na sauti hushangilia. Boksi moja likiisha, jingine huanza. Mtoto wa miaka mitatu hukaa kimya nusu saa nzima, na mama hupata nafasi ya kusonga ugali.

Hatuandiki ili kuwalaumu akina mama. Anayepika, kufua na kuuza maandazi kwa wakati mmoja anahitaji mtoto atulie. Hata pale ambapo bando ni ghali, video hizo hufika. Fundi simu huziingiza kwenye kadi ya simu kwa pesa kidogo, au kaka mkubwa huja nazo akirudi likizo. Kwa vyovyote watoto wetu wataziona. Basi mzazi atajuaje ipi inafaa na ipi haifai?

Muuzaji ameketi mkekani

Sisi wa Tabora tunaijua biashara tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe. Ilileta vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Ilirudi pwani na pembe za ndovu na, kwa uchungu mkubwa, na watu waliotiwa utumwani. Shanga zilikuwa za aina nyingi. Rangi iliyopendwa nchi hii ilikataliwa nchi ile, na mfanyabiashara aliyekosea alibaki na mzigo wake. Aliyenunua alikuwa mtu mzima: aliishika bidhaa, akaigeuza, akabishana bei, na asipoitaka alikwenda zake.

Leo mwenye bidhaa hasimami mbele ya mtu mzima. Ameketi mkekani na mtoto, wala hakuna mkubwa anayesikiliza. Wahenga walituonya: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tutoe mfano unaojulikana duniani. Mwaka 2015 huko Marekani, wazazi wa mtoto mdogo aitwaye Ryan walianza kuweka YouTube video za mwana wao akichezea vichezeo. Mwaka 2018 jarida la Forbes lilikadiria kwamba kazi hiyo ilikuwa imeingiza dola milioni 22 kwa mwaka mmoja, na vichezeo vyenye jina lake vilikuwa vimeanza kuuzwa madukani. Hatumsemi vibaya mtoto huyo. Tunataka tu mzazi aone kwamba nyuma ya vicheko vile kuna biashara kubwa. Mwaka 2019 kampuni ya Google, yenye YouTube, ilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani ili kumaliza shauri la kukusanya habari za watoto bila idhini ya wazazi wao kwa ajili ya matangazo.

Mtu mzima akiona tangazo hujua kwamba huyu anataka fedha yangu. Mtoto mdogo hajui. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilieleza mwaka 2004 kwamba watoto walio chini ya miaka 8 kwa kawaida hawatambui nia ya kushawishi iliyomo katika matangazo. Kwao, anayesifu gari ni rafiki anayesema kweli. Ndiyo maana mtoto hulilia kitu ambacho hakipo hata katika maduka ya mjini, na baba aliyehangaika na tumbaku yake msimu mzima huonekana mchoyo mbele ya mwanawe.

Angalia umri kwanza

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka 5. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asiwekwe kabisa mbele ya simu au televisheni. Mwenye mwaka 1 naye haifai. Wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Sababu yake ni hii. Mtoto hujifunza kusema kwa kujibiwa. Mama akisema “kikombe”, mtoto hujaribu, “ikombe”. Mama hucheka, hurudia, humpa kikombe akishike. Video haimngoji mtoto wala haimjibu. Akisema vizuri au vibaya, yenyewe inaendelea tu. Zaidi ya hayo, video nyingi za vichezeo zina lugha asiyoijua au makelele matupu.

Maswali sita ya kujiuliza

Keti uitazame video yote, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kumpa mtoto. Kisha jiulize:

1. Je, kuna maneno ya kujifunza? Linganisha na vipindi vilivyotungwa ili kufundisha. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam, lililoanza kuonyesha Ubongo Kids mwaka 2014, lina pia Akili and Me kwa watoto ambao hawajaanza shule. Humo watoto hujifunza kwa Kiswahili kuhesabu, herufi na namna ya kutaja hisia zao.

2. Wanacheza au wanafungua tu? Hesabu maboksi yanayofunguliwa kwa dakika tano. Kama kila kichezeo hutupwa pembeni mara kinapotoka, hapo mtoto anafundishwa kutamani. Kama gari linajengewa barabara na mdoli anapikiwa uji, hapo kuna mchezo.

3. Mwendo wake ukoje? Picha zikibadilika kabla hujamaliza kuitazama ya kwanza, mtoto naye hapati nafasi ya kufikiri.

4. Wana tabia gani? Angalia kama wanapoteza chakula, wanapigana au wanawadhihaki wakubwa. Mtoto ataiga.

5. Je, kuna hatari akiiga? Baadhi ya video huonyesha shanga za jeli zinazovimba majini. Zikimezwa huweza kuvimba tumboni na kuziba utumbo. Vichezeo vingine vina betri ndogo za duara mfano wa sarafu. Betri ya namna hiyo ikikwama katika njia ya chakula huweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Ukishuku mtoto ameimeza, usimtapishe wala usingoje uone dalili. Mkimbize hospitali mara moja.

6. Ikiisha, mtoto hufanya nini? Swali hili ndilo kubwa kuliko yote. Mtoto akiinuka na kuanza kuimba wimbo aliousikia, au akachukua kopo na kulifanya gari, video ile imempa kitu. Akilia kwa hasira, akataka nyingine na nyingine, na michezo yake ya kila siku imeanza kumchosha, video ile imemnyang'anya kitu. Iondoe, hata kama majirani wote wanaisifu.

Usidanganywe na picha ya mwanzo

Katuni ya kupendeza juu ya video si hakikisho. Mwaka 2017 magazeti ya nchi nyingi yalifichua video zilizotumia wahusika wa katuni wanaopendwa na watoto, kumbe ndani mlikuwa na vitisho na ukatili. Nyingine zilipenya hata katika YouTube Kids, programu iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa ajili ya watoto. Kwa hiyo:

– Zima ule mpango unaofungua video inayofuata yenyewe. Huo ndio mlango wanaopitia wageni msiowajua.

– Chagueni video chache nzuri, mzihifadhi kwenye simu, kisha mzime intaneti mtoto anapotazama. Bando nalo litapona.

– Ukienda kwa fundi simu, usimwambie “niwekee za watoto”. Mtajie unazozitaka, na uzikague kabla ya kulipa.

– Simu isitumike kumlisha mtoto wala kumlaza.

– Mwambie mapema, “Leo ni video mbili tu,” na zikiisha, ziishe kweli. Siku za kwanza huenda akalia. Asipoona neno lako likiyumba, atazoea.

– Inapowezekana tazameni pamoja. Muulize, “Gari hilo linakwenda wapi? Lina rangi gani?” Mweleze pia kwa maneno mepesi, “Huyu anatuonyesha ili tununue.”

Vichezeo tulivyo navyo

Mtoto wa Sikonge au Urambo hahitaji boksi kutoka ng'ambo ili akue vizuri. Gari la mabua au la waya, mwanasesere wa gunzi la mahindi aliyevishwa kitambaa, mpira wa makaratasi, kujificha nyuma ya mwembe: vyote hivyo humfanya mtoto afikiri, aseme na akimbie. Bibi akimwonyesha mjukuu wa miaka sita kucheza bao, anamfundisha hesabu na kungoja zamu yake. Kwa walio wadogo zaidi, chagueni vitu vikubwa visivyoweza kuingia kinywani. Kete za bao na vizibo vya soda si vyao bado.

Lini tumwone mganga?

Mtoto wa miaka miwili ambaye bado haunganishi maneno mawili, kama “mama njoo”, au asiyegeuka anapoitwa kwa jina lake, apelekwe kliniki. Msikimbilie kuilaumu simu peke yake, kwani huenda tatizo liko masikioni na linatibika. Punguzeni simu, ongezeni mazungumzo, na mumwone mtaalamu mapema.

Wazazi wapendwa, muuzaji wa zamani alipita njiani kwa miguu na tulimwona akija kwa mbali. Wa leo yuko mfukoni mwetu. Jioni ya leo, watoto wakishalala, fungueni simu mtazame wanachokitazama wao. Dakika kumi zinatosha kuanza.