Waya Nne Kati ya Kidole na Kompyuta

Bodi ya Arduino Uno, ile ya rangi ya samawati ambayo wanafunzi wengi wa elektroniki huanza nayo, ina kumbukumbu ya kazi ya baiti 2,048 tu. Picha moja ya kidole inayotoka kwenye skana ya R307 inakula baiti 36,864. Ukigawa, picha ni kubwa mara 18 kuliko nafasi ya kuipokelea. Hata hivyo watu huunganisha vitu hivi viwili kila siku, na kazi inakwenda.

Tuchukue karakana ya samani ya kufikirika pale Lemara, kata iliyo jirani na Njiro katika Jiji la Arusha. Vibarua ni kumi na kitu, daftari la mahudhurio limejaa saini zinazofanana kupita kiasi, na ofisini kuna kompyuta ya zamani iliyobaki kuchezea karata. Mwenye karakana anaweza kununua mashine ya ukutani iliyo tayari. Lakini kijana aliyesoma Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani Magharibi, atamwambia kwamba skana, bodi moja na waya chache vinatosha. Rejista ya mahudhurio kwa alama za vidole ni mradi unaojirudia sana kwenye vyuo vya ufundi, mpaka walimu wengine wameuchoka.

Kwa nini bodi ikae katikati? Skana hizi ndogo za kioo chenye mwanga kwa kawaida haziji na plagi ya USB. Zinazungumza kwa njia ya zamani ya kutuma biti moja baada ya nyingine kwenye waya, kwa kawaida biti 57,600 kwa sekunde. Kompyuta ya leo haina tundu la lugha hiyo. Mikrokontrola, yaani kile kichipu chenye ubongo kilicho juu ya bodi, kinaelewa pande zote mbili. Tena kinaweza kufungua kitasa cha umeme au kuwasha taa ya kijani hata kompyuta ikiwa imezimwa.

Waya za lazima ni nne: umeme, ardhi, ya kutuma na ya kupokea. Waya ya kutuma ya skana huingia kwenye pini ya kupokea ya bodi, na ya kupokea huingia kwenye ya kutuma. Wanaoanza huunganisha tuma kwa tuma, kisha wanakesha wakitafuta kosa kwenye programu. Rangi za waya nazo si za kuaminiwa, kwa sababu viwanda havikukubaliana. Karatasi ya maelezo ndiyo ya kusomwa. Jambo jingine ni kwamba laini za mawasiliano za skana hizi ni za volti 3.3 ilhali Uno hutuma kwa volti 5, kwa hiyo fundi makini huweka rezista mbili za kupunguza kwenye waya inayokwenda kwenye skana.

Upande wa pili, Uno ina njia moja tu ya kweli ya mawasiliano ya aina hii, na hiyo tayari inatumiwa na USB. Ndiyo maana skana huwekwa kwenye pini za 2 na 3, na programu huigiza njia ya pili. Mafundi wana ujanja mwingine: wanapakia programu tupu kwenye bodi ili mikrokontrola inyamaze kabisa, kisha wanachomeka skana kwenye pini za 0 na 1. Hapo skana inaongea moja kwa moja na kichipu cha USB, na kompyuta inaiona kama kifaa chake.

Turudi kwenye ile picha isiyoenea. Ina nukta 256 kwa 288, na kila baiti inabeba nukta mbili. Skana haiitupi yote kwa mkupuo. Inaikata vifurushi, kila kimoja kikianza na alama ileile, EF01, na kuishia na jumla ya kuhakiki kwamba hakuna kilichopotea. Kifurushi kikipangwa kuwa cha baiti 128, kinabeba mstari mmoja kamili wa picha. Bodi inafanya kama vibarua wanaopokezana matofali: inashika mstari, inaupeleka kompyuta, inasahau, inashika mwingine. Kwa mwendo ule wa kawaida picha nzima huchukua zaidi ya sekunde 6, muda mrefu kwa mtu aliyesimama mlangoni saa moja asubuhi.

Kwa hiyo mifumo mingi ya mahudhurio haipeleki picha kabisa. Wakati wa kuandikisha, skana inapiga kidole mara mbili, inatafuta mahali mistari ya ngozi inapokatika au kugawanyika, inaunganisha matokeo kuwa kiolezo kimoja na kukihifadhi ndani yake chini ya namba. R307 inahifadhi violezo hadi 1,000. Siku inayofuata kibarua akiweka kidole, skana yenyewe inalinganisha na kujibu: namba 14, na alama za uhakika kadhaa. Bodi inatuma "14" kwenye kompyuta. Jina la mwenye namba 14 liko kwenye jedwali la kompyuta tu.

Tofauti kati ya kupeleka picha na kupeleka namba si ya kiufundi tu; inahusu pia nani anashika alama za mtu, na Afrika Mashariki ina kumbukumbu ndefu ya vidole kukusanywa. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande chenye alama za vidole, ndani ya kibati kilichoning'inizwa shingoni. Mwanaharakati Harry Thuku alikuwa miongoni mwa walioupinga utaratibu huo mwaka 1921. Tanzania iliandikisha wapiga kura kwa alama za vidole mwaka 2015, na kuanzia Mei 1, 2019 laini za simu zikasajiliwa kwa kidole kinacholinganishwa na kumbukumbu za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Foleni za Januari 2020, kabla ya laini kuanza kuzimwa, bado zinasimuliwa.

Vidole vyenyewe navyo vina ukaidi. Saruji, mawe na msasa husugua mistari. Baridi ya Arusha ya Juni na Julai hukausha ngozi, na kioo cha skana kinasoma ngozi kavu kwa shida. Dawa ni kuandikisha vidole viwili au vitatu kwa kila mtu, na kufuta kioo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa pia mwenye karakana, maana alama za mwili zimo kati ya taarifa nyeti. Kwa mfumo wetu wa waya nne, sehemu ya kuangaliwa kwanza ni skana yenyewe. Violezo vinabaki ndani yake hata umeme ukikatika, nayo imefungwa nje ya mlango. Nenosiri lake la kiwandani ni sufuri tupu, na kuna amri zinazotoa kiolezo chochote kwa atakayekiomba. Kubadilisha nenosiri ni amri moja fupi; kumfuta kibarua aliyeacha kazi ni nyingine.