Lami kwa shaba, vumbi kwa msafiri

Ukitoka Lubumbashi kwenda Likasi Jumamosi asubuhi, gari lako dogo litapanga foleni ya peaje, kituo cha ushuru wa barabara, katikati ya malori. Moja limebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, jingine ni tangi la asidi. Pembeni kuna familia iliyojibana kwenye gari, ndoo ya barafu iko kwenye buti, mama mkwe yuko mbele kwa heshima yake. Wote wanalipa, wanapewa risiti, bariyeri inainuka.

Hiyo ndiyo barabara ya taifa namba 1: kilomita 120 hivi hadi Likasi, 300 hivi hadi Kolwezi. Inapitika kwa sababu ya shaba. Nchi iliyochimba zaidi ya tani milioni 3 za madini hayo mwaka 2024 haiwezi kuyaacha yakwame kwenye tope. Lakini kama safari ya kustarehe, mimi siipendi. Macho yako hayabanduki kwenye taa za nyuma za lori, na vilima vya Likasi unavipita bila kuviona. Mandhari ya Katanga yako kwenye njia za pembeni, na uchumi wake ni wa namna nyingine kabisa.

Chukua njia ya Kasenga, kaskazini-mashariki. Kilomita zipatazo 30 kutoka mjini iko Mikembo, hifadhi binafsi ya miombo na wanyama. Baada ya hapo biashara yenyewe inakaa kando ya njia, juu ya beseni. Septemba miombo inachipua majani mekundu kabla mvua haijanyesha tone moja, na vichuguu vimesimama juu kuliko paa la nyumba. Udongo wa vichuguu hivyo ndio watu wanaofyatulia matofali. Mvua zikianza, wanawake wanatandaza uyoga. Mwaka jana mtoto mmoja alitusimamisha akiwa amejifunika uyoga kama mwavuli. Alitaka tuununue mzima. Alikataa katakata kuukata, na bei hakupunguza. Tuliununua. Ulijaza kiti cha nyuma, na nyumbani tuliula na bukari, yaani ugali, siku mbili.

Bidhaa kubwa zaidi hapa ni makala, na msomaji wa Dar es Salaam asidhani nazungumzia gazeti: Lubumbashi makala ni mkaa. Magunia yamejazwa hadi juu ya mdomo, yamezibwa kwa nyasi na kushonwa kwa kamba. Mengine yanasukumwa kwa baiskeli usiku kucha hadi mjini. Bei ya njiani ni ndogo kuliko ya sokoni, kwa hiyo anayerudi Jumapili hukosa mara chache kuweka gunia kwenye buti. Asubuhi ameusifu msitu, jioni anaununua ukiwa umeungua. Sina haki ya kumlaumu, hata mimi umeme wa nyumbani kwangu si wa kutegemea.

Mwisho wa njia hiyo, kilomita zipatazo 200 kutoka mjini, ni Kasenga yenyewe, ukingoni mwa mto Luapula, Zambia ikionekana ng'ambo. Enzi za Wabelgiji wafanyabiashara Wagiriki walijenga hapa mashua na biashara ya samaki wa barafu waliolisha wafanyakazi wa migodi. Samaki wa utajiri huo alikuwa mpumbu, ambaye hupanda mto kutaga mayai, na alivuliwa hapo hapo kwenye kutaga. Kabla ya uhuru wa 1960 alikuwa ameshaadimika. Samaki wa kukaushwa kwa moshi bado wapo, na gari litanuka wiki nzima.

Maporomoko ya Lofoi ndiyo mali kubwa tuliyo nayo, na ndiyo biashara ngumu kuliko zote. Maji yanaanguka zaidi ya mita 300 kutoka uwanda wa juu wa Kundelungu, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1970. Tatizo ni kalenda. Yananguruma wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili, na huo ndio wakati njia inapomeza magari. Kiangazi njia inakauka, na Lofoi nayo inabaki uzi. Mwenye gari la jeep la kukodisha analijua hilo: wakati wa mvua anadai dola nyingi, anakulazimisha uchukue dereva wake, na usipobeba koleo haondoki. Miezi inayolipa ni Mei na Juni, tope limeanza kukauka na maji bado yapo. Mwekezaji anayepanga kujenga nyumba ya wageni huko apige hesabu zake kwa miezi hiyo miwili.

Kaskazini zaidi ya Likasi, mto Lufira una maporomoko mengine, Kiubo. Ukiwa upande huo fika Bunkeya, mji wa Msiri, mtoto wa Unyamwezi aliyekuja na misafara na kujifanya mfalme wa shaba, hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Msafiri kutoka Tabora atakaa hapo kama kwa shangazi. Asiye na muda aende Kipushi, kilomita 30 tu kutoka Lubumbashi: mgodi uliofungwa 1993 na kufunguliwa tena 2024 kwa ajili ya zinki. Ni matembezi ya mchana, unarudi kabla ya giza.

Mambo yanaweza kubadilika. Mradi wa barabara ya Kasomeno, kwenye njia hiyo ya Kasenga, hadi Mwenda upande wa Zambia, pamoja na daraja juu ya Luapula, unalenga kufupisha safari ya malori kwenda bandari ya Dar es Salaam. Ukikamilika, lami itafika Kasenga, na foleni yake. Watoza ushuru watafurahi. Wauza uyoga watahitaji mahali ambapo gari linaweza kusimama bila kugongwa na lori, na waliochora barabara waliweke hilo kwenye ramani sasa.

Wewe unayetoka wiki hii, jaza tangi mjini, wape polisi wa rulaji, yaani trafiki, karatasi zako zote kwa mpangilio, na badilisha dola zako upate franga ndogo ndogo. Kwenye beseni la uyoga hakuna chenji.