Montaillou: Kijiji Kilichosemeshwa Mahakamani

Ikitajwa Ulaya ya zama za kati, aghalabu msikilizaji huona katika fikira zake ngome ya mawe, mfalme mwenye taji, na askari waliopanda farasi hali wamevaa deraya. Maana wafalme walikuwa na makatibu wa kuandika sifa zao, na maaskofu walikuwa na wanazuoni wao, na habari zilizotufikia kwa wingi ni habari za hao. Mkulima aliyepanda ngano waliyoila, na mchungaji aliyelisha kondoo waliotoa sufu ya majoho yao, walizaliwa, wakaoa, wakazika na wakazikwa pasipo kalamu kuwagusa, ila siku ya kuhesabiwa kodi. Kwa sababu hiyo nimeona inafaa kuwasimulia wasomaji juu ya kijiji kimoja kidogo ambacho watu wake, kwa masaibu yaliyowafika, waliandikwa neno kwa neno.

Kijiji hicho ni Montaillou, kilichopo kusini mwa Ufaransa katika milima ya Pyrenees, juu mahali ambapo kimo chake kutoka usawa wa bahari ni mita 1,300 hivi, na ambapo baridi haiuruhusu mzabibu kustawi. Mwanzoni mwa karne ya 14 kilikuwa na watu wapatao 250, waliolima ngano, oti, katani na kitani, wakafuga kondoo, na kutii amri ya mtawala wa Foix. Waliojua kusoma miongoni mwao walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Lililowafikisha mbele ya kalamu ni dini. Katika nchi hiyo ilikuwa imeenea imani ya Wakathari, waliosema kwamba ulimwengu huu unaoonekana ni kazi ya uovu, na kwamba roho ya mwanadamu imefungwa katika mwili mithili ya mahabusi. Viongozi wao, walioitwa watu wema, hawakula nyama wala hawakugusa mwanamke. Na mfuasi alipokuwa karibu na kufa walimwekea mikono kichwani ili kuitakasa roho yake, kisha ikampasa ajinyime chakula mpaka mauti yamkute. Kanisa liliwahesabu kuwa wazushi. Vita vya kuwafuta vilianza mwaka 1209, na ilipoanguka ngome ya Montségur mwaka 1244, watu zaidi ya 200 walichomwa moto kwa siku moja. Ilidhaniwa kuwa mambo yamekwisha. Walakini karibu na mwaka 1300 Pierre Authié, aliyekuwa mwandishi wa hati katika mji wa Ax, alirejea kutoka Italia na kuipulizia imani ile kama mtu apulizaye kaa lililofunikwa na majivu, nayo ikawaka katika milima, nyumba kwa nyumba.

Mwaka 1308 baraza la Carcassonne la kuchunguza imani liliwakamata karibu watu wazima wote wa Montaillou. Miaka michache baadaye, mwaka 1317, Jacques Fournier, mtawa aliyezaliwa Saverdun katika jamaa ya watu wa hali ya chini, alitawazwa kuwa askofu wa Pamiers, na tokea mwaka 1318 mpaka 1325 mahakama yake ilikaa siku 370 na kufanya mahojiano 578. Fournier alikuwa mtu wa subira iliyotisha. Mateso ya mwili hakuyatumia ila kwa nadra. Silaha zake zilikuwa ni gereza na maswali. Aliuliza mshtakiwa alikuwa wapi siku ile, nani alikuwapo, waliketi wapi, waliongea nini, moto uliwashwa au haukuwashwa. Na mkulima, akitafuta njia ya kutoka, alieleza maisha yake yote. Wanakijiji walisema Kioksitani, ndiyo lugha yao, na makatibu wakaandika kwa Kilatini, kisha wakawasomea tena kwa lugha yao ili wasahihishe. Mwaka 1334 Fournier alichaguliwa kuwa Papa kwa jina la Benedict wa Kumi na Mbili, akakaa Avignon; na daftari lake, ambalo juzuu yake moja imesalimika, limehifadhiwa hata leo katika maktaba ya Vatican. Mwanahistoria Emmanuel Le Roy Ladurie alilifanya msingi wa kitabu mashuhuri alichokitoa mwaka 1975.

Neno linalorudi mara nyingi katika daftari hilo ni nyumba. Watu wa Montaillou waliita nyumba yao ostal, na neno hilo lilikusanya kuta, meko, mali, wazazi, watoto na sifa ya ukoo, kama vile sisi tusemavyo nyumba ya fulani bila ya kukusudia dari wala mlango. Jiko lilikuwa chumba kikuu, moto katikati, na huko ndiko kulikozungumzwa siri za imani usiku. Kondoo na ng'ombe walilala chini ya paa moja na watu, nao walitoa joto lisilodharaulika wakati wa theluji. Nyumba ilikuwa na nyota yake njema, ambayo yaweza kuondoka pamoja na maiti. Alipofariki Pons Clergue, mkuu wa nyumba tajiri kupita zote kijijini, jamaa zake walikata nywele na kucha za maiti wakaziweka, ili baraka ya nyumba isimfuate kaburini.

Mambo madogo pia yameandikwa, nayo ndiyo ninayoyapenda zaidi. Wanawake waliwatoa chawa waume zao, watoto wao na wapenzi wao, wakiketi juani mbele ya milango au juu ya mapaa, na katika shughuli hiyo walipashana habari zote za kijiji. Muda mfupi ulipimwa kwa kusali Baba Yetu mara moja au mara mbili.

Yupo mwanamke mmoja katika daftari hilo, Sybille Pierre wa Arques, ambaye habari yake yatosha kuwajibu wale wadaio kuwa wazazi wa zama zile, kwa kuzoea vifo vya watoto, hawakuwapenda. Binti yake mchanga, Jacqueline, aliugua mpaka wakakata tamaa, na baba yake akamwita mmoja wa watu wema amwekee mikono. Ibada ilipokwisha mama aliamriwa asimpe mtoto maziwa tena, ili afe akiwa safi. Mume na wageni walitoka wakaenda zao. Naye Sybille, alipobaki peke yake na mtoto anayelia, hakustahimili, akamweka titini akanyonyesha. Mume alipojua aliona roho ya mtoto imeharibiwa, na kwa muda mrefu upendo wake kwa mkewe na kwa mtoto ukapungua. Hapa ibada ilisema hivi, na ziwa la mama likasema vingine, nami sioni haya kusema kuwa katika shauri lile mimi ni wa upande wa Sybille.

Si wote walikuwa wema. Kasisi wa Montaillou, Pierre Clergue, mwana wa yule Pons, na nduguye Bernard, aliyekuwa liwali wa kijiji, waliwahifadhi Wakathari kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili waliwapeleka adui zao Carcassonne, wakalifanya baraza la imani kuwa panga la ukoo wao. Kasisi huyu alikuwa na wapenzi wengi, mmoja wao akiwa Béatrice de Planissoles, mjane wa mlinzi wa ngome. Béatrice alipokamatwa, mfuko wake ulikutwa una kamba za vitovu vya wajukuu wake, ambazo aliziamini kuwa zitamshindia kesi, na kitambaa chenye damu ya hedhi ya kwanza ya binti yake, cha kumtilia mkwe ili asimwache mke. Alifungwa mwezi wa Machi 1321, akafunguliwa Julai 1322 kwa sharti la kuvaa misalaba ya rangi ya manjano iliyoshonwa katika nguo, watu wamjue kila aendako. Kasisi alifia gerezani bila ya kuungama neno.

Tusilisifu baraza lile kwa kuwa limetuachia hazina. Watu watano walichomwa kwa hukumu za Fournier, wengine waliozea katika gereza la Allemans, na uaminifu wa majirani ulivunjika. Arnaud Sicre, ambaye mama yake alichomwa na nyumba ya mama huyo ikataifishwa, alikwenda Catalonia akajifanya mfuasi wa Guillaume Bélibaste, mtu mwema wa mwisho anayejulikana katika nchi ile; alimhadaa mpaka akafuatana naye safarini, akamtia mikononi mwa wakamataji. Bélibaste alichomwa Villerouge-Termenès mwaka 1321. Yote hayo Sicre aliyafanya ili arudishiwe nyumba.

Kati ya watu wote wa daftari hilo, moyo wangu umemwelekea Pierre Maury, mchungaji. Huyu alivuka Pyrenees mwaka hata mwaka, kipupwe akishuka na kondoo hadi mabonde ya Catalonia, kiangazi akipanda nao milimani, akikamua maziwa, akitengeneza jibini, na kulala vibandani pamoja na wachungaji wa makabila mengine. Hakuwa na nyumba wala mke, na mali yake ilikuwa ile iwezayo kutembea kwa miguu yake yenyewe. Lakini alikuwa na marafiki katika kila bonde, na aliwalisha na kuwaauni watu wema kwa fedha za ujira wake. Bélibaste alimwoza Maury mwanamke aliyekuwa akiishi na Bélibaste mwenyewe, naye ana mimba ya Bélibaste, kisha baada ya siku chache akaivunja ndoa hiyo. Na Maury, aliyefahamu alivyotumiwa, hakuacha kumpenda. Mara nyingi alionywa asirejee upande wa Foix, naye alirejea, kwa kuwa huko ndiko walikokuwa watu wake.

Hukumu yake ilisomwa mwaka 1324. Alitiwa gerezani, na baada ya siku hiyo daftari halina neno lake tena.