KIVUKO NI BARABARA YETU, TUKITUNZE

Ndugu msomaji, kama unaishi kisiwani au ng'ambo ya mto, unajua thamani ya kivuko. Kivuko ni barabara yako. Kwa kivuko unapeleka samaki na mihogo sokoni. Kwa kivuko mama mjamzito hufikishwa hospitali. Walimu, dawa na mbolea huja kwa kivuko. Kivuko kikisimama, kazi nyingi za kisiwa husimama.

Lakini kivuko hakijitunzi chenyewe. Kila siku kuna kazi ya kukitunza. Kazi nyingine ni ya mafundi na mabaharia. Kazi nyingine ni yako wewe abiria. Leo tuzitazame kazi hizo.

KAZI YA MAFUNDI

Asubuhi, kabla abiria wa kwanza hajapanda, fundi hushuka chini kwenye injini. Hupima oili. Huangalia dizeli. Huangalia pia maji ya kupoza injini. Maji hayo yasipopita vizuri, injini hupata moto kupita kiasi na kuharibika.

Katika Ziwa Victoria kuna magugu maji. Magugu hayo yanaweza kuziba njia ya maji ya kupoza injini. Vilevile magugu, kamba na nyavu kuukuu huweza kujisokota kwenye panga linalozunguka chini ya maji na kukisukuma kivuko. Panga likinaswa, kivuko hukwama katikati ya maji. Kwa hiyo usitupe kamba wala wavu majini.

Kisha fundi huangalia sehemu ya chini kabisa ya kivuko. Je, kuna maji yaliyoingia? Maji kidogo leo huenda ni dalili ya tundu dogo. Tundu dogo huzibwa upesi. Likiachwa, litakuwa tundu kubwa. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuna kazi nyingine haziwezi kufanywa kivuko kikiwa majini. Kutu hula chuma mahali ambapo jicho halifiki. Kwa sababu hiyo, kila baada ya muda kivuko hutolewa majini na kuwekwa kwenye chelezo, yaani mahali pa kutengenezea vyombo vya majini. Hapo hukwanguliwa kutu, mabati yake hupimwa, na hupakwa rangi upya.

Siku hizo watu wengi hunung'unika. Husema, "Mbona kivuko kinaenda bado kizima, kwa nini wakisimamishe?" Ndugu, hapo ndipo pa kukitengeneza, kikiwa bado kizima. Lakini una haki ya kuuliza mambo mawili. Kitarudi lini? Na sisi tutavukaje mpaka kirudi? Wasimamizi wa kivuko watangaze mambo hayo mapema, ili wagonjwa na wafanyabiashara wajipange.

TUKUMBUKE UKARA

Fundi anaweza kufanya kazi yake yote vizuri, na bado kivuko kikazama. Hutokea hivyo kikijazwa kupita uwezo wake.

Siku ya Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, wilaya ya Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Watu walikuwa wengi, na mizigo ilikuwa mingi. Kivuko kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Kilipokaribia gati la Ukara, kilipinduka. Watu 228 walikufa.

Hebu fanya hesabu, ndugu msomaji. Toa 101 katika 228. Jibu ni 127. Yaani waliokufa peke yao walizidi uwezo wa kivuko kwa watu 127. Hapo hatujawahesabu waliookolewa. Walikuwa wamebaki na mwendo mfupi sana kufika nchi kavu.

Kivuko kilichojaa mno hukosa utulivu, kama mtu aliyebeba ndoo kubwa mno kichwani. Watu wakikimbilia upande mmoja ili washuke haraka, upande huo huzama na upande wa pili huinuka. Kikishaanza kulala, watu na mizigo hutelezea upande uleule. Hapo kukizuia ni vigumu sana.

KAZI YAKO WEWE ABIRIA

Kumbuka mambo haya matano:

1. Soma kibao kinachoonyesha idadi ya watu na uzito wa mizigo. Sasa unajua kusoma. Msomee na jirani yako asiyejua.

2. Lipa nauli na udai tikiti. Nauli hununua dizeli na vipuri. Tikiti ndiyo hesabu yako. Ukipanda kwa mlango wa nyuma, hakuna anayejua kuwa umo.

3. Ukiambiwa kivuko kimejaa, subiri. Usimbembeleze baharia, wala usimpe kitu kidogo akupakie.

4. Mkiwa safarini, kaeni mahali penu. Msisogee wote upande mmoja. Shukeni baada ya kivuko kufungwa gatini.

5. Uliza maboya ya kujiokolea yako wapi kabla hamjaondoka. Kama hayapo au hayatoshi, mwambieni mkuu wa kivuko. Asiposikia, peleka habari kwenye serikali ya kijiji.

Ndugu msomaji, kusubiri safari ya pili kunachosha, hasa jua linapozama na watoto wanangoja nyumbani. Lakini heri wakungoje saa mbili kuliko wakungoje milele. Zungumzeni jambo hili katika mkutano wa kijiji kabla ya siku ya gulio lijalo. Kivuko kikitunzwa na kisijazwe mno, kitatuvusha leo, kesho na mwakani.