Kupima Kabla ya Kutetemesha: Historia ya Brüel & Kjær

Historia ya kampuni za vifaa vya majaribio ya mshtuko na mtetemo aghalabu husimuliwa kupitia mashine za kutetemesha. Brüel & Kjær haiingii vyema katika simulizi hiyo. Wahandisi Per Vilhelm Brüel na Viggo Kjær waliiasisi mwaka 1942 nchini Denmark, iliyokuwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, na mapema wakajikita katika upimaji, kikiwemo kipimamchapuko. Ndani ya kifaa hicho, tungamo dogo hukandamiza fuwele kila kinapotikisika, nayo fuwele hutoa chaji ya umeme inayowiana na mchapuko, yaani kadiri ya mabadiliko ya mwendo. Bila kipimo hicho, mashine hata iwe na nguvu kubwa namna gani, haithibitishi kwamba kifaa cha ndege kimetikiswa kwa kiwango kilichokusudiwa. Jaribio hubaki dai tu. Kampuni ya Kiingereza ya LDS, iliyotengeneza mashine zinazotetemesha kwa koili ndani ya uga wa sumaku (kanuni ileile ya spika), ilinunuliwa na Brüel & Kjær zaidi ya miongo sita baadaye. Mwaka 2019 Brüel & Kjær iliunganishwa na HBM ya Ujerumani, ikazaliwa HBK.